Karani wa wakili wa kesi za ajali Moro, au dawati la madai ya bima Dar? Nisaidieni kuchagua

BintiMlalo (Jumanne, saa 1:40 usiku)

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za jioni.

Nina miaka 25. Diploma ya sheria nimeisoma Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, nikamaliza 2024. Baada ya hapo nimejitolea mahakama moja ya wilaya miezi 11. Kazi yenyewe kutoboa karatasi, kufunga majalada kwa kamba na kuita majina mlangoni. Posho nilipewa mara mbili. Sasa nipo Morogoro kwa mama mdogo, Kihonda, na mama mdogo ameanza kunisema kwa mafumbo. Juzi naosha vyombo akapita nyuma yangu: "Kumbe hata kuosha sufuria wanafundisha chuoni."

Wiki hii, baada ya ukame wote huo, zimekuja kazi mbili kwa mpigo.

Ya kwanza ni ukarani kwa wakili wa hapahapa Moro. Kesi zake nyingi ni za barabarani, anatetea madereva na kudai fidia za ajali. Laki tatu mkononi. Nilipouliza mkataba akasema "tutaangalia mbele ya safari", ila kila faili la fidia likilipwa kuna "asilimia yako kidogo". Ngapi, hakusema.

Ya pili ni msaidizi wa madai kwenye kampuni ya udalali wa bima, Dar, ofisi ipo Posta. 480,000 kabla ya makato, mkataba wa mwaka mmoja, NSSF ipo. Dar sina mtu zaidi ya shangazi, naye anakaa Chanika.

Nataka baadaye nisome shahada ya sheria, niende Shule ya Sheria, niwe wakili. Kwa hiyo nauliza: hizo asilimia huwa zinalipwa kweli? Wapi nitajifunza zaidi? Na kaka yangu anasema kesi za trafiki ni faini za elfu thelathini tu, hakuna hela humo, ananidanganya?

Naomba kuwasilisha.

Kiberenge (Jumanne, saa 1:52 usiku)

"Asilimia yako kidogo" na "tutaangalia mbele ya safari" katika sentensi moja! Huyo wakili anatafuta karani au mchumba?

Nenda Dar. Chanika mpaka Posta utasinzia kwenye daladala kila siku, lakini utasinzia ukiwa na NSSF.

MzeeWaFaili (Jumanne, saa 3:15 usiku)

Marahaba binti. Hili la kwako siwezi kulipita, maana hicho kiti unachoitiwa nimekikalia mimi. Nimekuwa karani wa mawakili kuanzia 2011 mpaka 2024, ofisi mbili, zote Morogoro mjini. Sasa nina duka la steshenari, nachapa na kuskani, nusu ya wateja wangu ni makarani wenzangu wa zamani.

Nianze na kaka yako. Kwenye faini yuko sahihi. Ile karatasi anayoandika trafiki, gari ni 30,000 kwa kosa, bodaboda na bajaji zilishushwa mpaka 10,000 mwaka 2021. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, umemaliza. Hakuna mtu anayekodi wakili kwa ajili ya elfu thelathini, chai ya wakili na nauli yake tu vinaizidi. Ukiona umeonewa una haki ya kukataa kulipa na kutaka upelekwe mahakamani. Katika miaka yangu yote nimeona wawili tu waliofanya hivyo. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, alidaiwa kapita taa nyekundu, akasimama mwenyewe kizimbani na daftari lake na akashinda. Alitununulia pilau ofisi nzima ingawa hatukumfanyia chochote.

Alipokosea kaka yako ni kudhani mambo yanaishia hapo. Hela ipo kwenye ajali ya damu. Ni neno baya, lakini ndiyo kazi. Barabara hii yetu kuanzia Mikese, ukivuka mji, mpaka Mikumi, na ile ya Dodoma kupitia Dumila, ina mabasi, malori ya Zambia na Congo, fuso za nyanya na bodaboda kwenye lami moja. Ajali moja inazaa kesi mbili. Ya jinai, Jamhuri dhidi ya dereva. Na ya madai, aliyeumia au familia ya marehemu dhidi ya mwenye gari na bima yake. Karani anaishi katikati ya hizo mbili, kuhamisha karatasi kutoka ya kwanza kwenda ya pili.

Na karatasi zenyewe hazikai sehemu moja. PF3, ile fomu ya polisi ya kumtibia majeruhi, ipo hospitali. Ramani ya tukio na PF 90, yaani taarifa ya mwisho ya polisi, zipo kituoni. PF 93 ni ya mkaguzi wa magari, naye leo yupo, kesho yupo njiani kwenye ajali nyingine. Hati ya mashtaka na nakala ya hukumu zipo mahakamani. Kama mtu amekufa, ongeza cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, halafu Mahakama ya Mwanzo wateue msimamizi wa mirathi na kutoa fomu namba 4. Hapo kwenye ukoo ndipo faili linapolala. Nimewahi kungoja miezi minne kaka wa marehemu wakubali kukaa chumba kimoja na mjane. Wakili hayajui hayo. Anayejua nani kanuna, nani anataka pesa zipite kwake, na mjumbe yupi wa ukoo anasikilizwa, ni karani.

Hiyo ndiyo elimu utakayoipata Moro, na Lushoto hawana somo lake.

Sasa mshahara. 2011 nilianza na 120,000. Nilipohama ofisi 2016 nilikuwa nimefika 180,000. Ofisi ya pili nilianzia 300,000 na kuondoka na 450,000. Nje ya mshahara kilichonilisha ni nauli. Bosi anatoa 40,000 uende Dar makao makuu ya bima kusukuma faili, unapanda basi la bei nafuu, unakula mihogo, unarudi na kumi au kumi na tano mfukoni. Sijivunii, ila ndivyo tulivyosomesha. Siku hizi na treni ya umeme daraja la kawaida ni 13,000 na kila mtu anajua nauli, kwa hiyo hata huo mwanya umezibwa.

Na asilimia. Niliahidiwa asilimia tano kwa mdomo, faili la marehemu mmoja, baba wa watoto watatu. Nililihangaikia miaka miwili. Ikalipwa milioni 18. Piga hesabu mwenyewe, nilitarajia laki tisa. Nilipewa laki mbili na kitenge cha mama watoto. Nikakasirika, nikataka kudai haki yangu. Nidai wapi? Kanuni za maadili ya mawakili zinamkataza wakili kugawana ada yake na mtu asiye wakili. Yaani ile ahadi yenyewe haikupaswa kutolewa, na mimi niliyeikubali nilikuwa naijua kanuni, nimeichapa kwa mikono yangu kwenye barua za wengine.

Kuna jambo jingine kuhusu asilimia, na hili ndilo linanifanya niandike usiku huu. Inakubadilisha macho. Ukishaijua, kila ving'ora vikipita unapiga hesabu. Wapo watu pale mjini wanafika wodini kabla majeruhi hajafungwa POP, wana fomu ya kumkabidhi wakili tayari imechapwa, bado kidole gumba tu. Hao tunawaita vishoka, na wengi walianza kama makarani wazuri tu.

Nikikushauri kuhusu ofisi yenyewe: ingia kwenye e-Wakili, mfumo wa mahakama, andika jina lake uone kama leseni ya mwaka huu imehuishwa. Ni bure. Halafu siku ya kwenda kuongea naye mwombe akuonyeshe kabati la mafaili. Usisome ndani. Tazama tu majalada kwa nje kama yana tarehe ya ajali.

Sababu ya hiyo tarehe nitaieleza nikirudi, mteja yupo dirishani.

DadaWaMadai (Jumanne, saa 3:50 usiku)

Mimi nipo upande wa pili wa meza anayoisema mzee. Mwaka wa saba dawati la madai ya magari. Nitakupa namba tu, maana watu wanaogopa neno "makato".

480,000. NSSF asilimia 10 ni 48,000, inabaki 432,000. Kodi ya mshahara haigusi 270,000 ya kwanza, inayobaki ni 162,000 mara asilimia 8, sawa na 12,960. Mkononi 419,040. Mwajiri naye anakuwekea NSSF 48,000, kwa hiyo kila mwezi kuna 96,000 yenye jina lako. Diploma yako hukuisomea kwa mkopo wa Bodi, sivyo? Ungekuwa na mkopo wangekata asilimia 15 nyingine.

Sasa toa nauli, toa chakula cha mchana Posta (mama ntilie wa nyuma ya jengo, siyo ule mgahawa wa chini), mchangie shangazi luku na maji. Hutaweka akiba mwaka wa kwanza. Nakwambia ukweli.

Kazi yenyewe: asubuhi barua pepe, mchana simu za watu wanaokutukana. Wewe ndiye unayewaambia "bado kiambatanisho kimoja" kwa mara ya nne. Utajua ndani ya wiki mbili tofauti ya bima kubwa na bima ndogo inavyowaliza watu. Mtu ana bima ndogo, kagonga ukuta wa jirani, anakuja kudai bampa yake! Hiyo inamlipa jirani, baba. Utajua kutazama leseni kwanza kabla ya picha za gari, maana dereva wa daraja D akikutwa kwenye basi la abiria, mwenye basi anayo shida kubwa na bima yake kubwa.

Usichokipata kwetu ni mahakama. Kesi ikifunguliwa faili linakwenda kwa mawakili wa kampuni na wewe hulioni tena mpaka siku ya malipo.

Tunduma_Express_Siyo_Basi (Jumanne, saa 4:20 usiku)

Mi dereva wa semi, Dar–Tunduma. Sheria sijui ila nimeshakaa benchi la nje ya mahakama.

2019 niligonga mtu wa baiskeli, alifariki. Sitaki kuelezea. Tajiri akaleta wakili. Wakili akaniambia kubali kosa yaishe haraka. Nikakubali. Faini akalipa tajiri, bima ikawalipa wale ndugu, gari likatoka yadi. Mimi nikabaki na hukumu jina langu, leseni nikafungiwa, tajiri akampa lori mtu mwingine. Miezi niliyokaa nyumbani Makambako nilikuwa nauza kuni.

Nachotaka kumwambia dada: pale benchi alikuwepo karani wa huyo wakili, kijana mpole tu. Nilimuuliza yeye, siyo wakili, wakili unamwogopa. Nikamwambia hivi nikikubali mimi itakuwaje? Akaniambia "fanya kama bosi alivyosema." Mpaka leo namfikiria yule kijana kuliko wakili.

MzeeWaFaili (Jumanne, saa 5:05 usiku)

Dereva, pole sana. Sikuwa mimi, lakini ningeweza kuwa mimi, na hilo sentensi lako la mwisho limenikaa.

Binti, soma hapo mara mbili. Mwenye gari anataka hukumu itoke haraka ili bima isiwe na kisingizio na gari lirudi barabarani. Dereva anataka asipatikane na hatia. Wakili kalipwa na mwenye gari. Watu watatu, ila hoja mbili zinazovutana, na karani ameshika mkoba. Karani haruhusiwi kumpa mtu ushauri wa sheria, na yule kijana huenda aliogopa hilo. Lakini kuna sentensi moja unayoweza kuisema bila kuvunja kanuni yoyote: "Kaka, muulize wakili mwenyewe, mbele ya bosi wako, anamwakilisha nani kati yenu." Mimi nilijifunza kuisema nikiwa na miaka sita kazini. Bosi wangu wa pili hakuipenda, ila hakunifukuza.

Sasa ile tarehe.

Februari 2013 abiria wa bodaboda, mtu wa Kilosa, aligongwa na fuso, akakatwa mguu chini ya goti. Alikuja ofisini kwa magongo, faili nikalifungua mimi. Kesi ya trafiki ikasuasua, shahidi huyu kahama, mpelelezi yule kahamishwa. Bosi akasema tungoje hukumu. Hukumu ikatoka Desemba 2015. Tukaandikia bima, bima wakajibu vizuri tu, leteni hiki, leteni kile, tukaleta. Machi 2016 ikaja barua ya mistari minne: dai limepitwa na wakati. Madai ya namna hiyo ukomo wake ni miaka 3 tangu siku ya tukio. Barua za kubembelezana hazisimamishi saa ya sheria, na hati ya madai tungeweza kuifungua mahakamani bila kungoja hukumu ya trafiki. Faili lilikuwa kwenye droo yangu. Bosi ndiye wakili, ndiye aliyepaswa kuhesabu, lakini droo ilikuwa yangu na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Kuongezewa muda kunaombwa kwa Waziri wa Sheria. Yule bwana hakuwa na hamu tena ya kusikia jina la ofisi yetu. Alikuja mara moja kuchukua PF3 yake. Alipanda ngazi za ghorofa ya pili kwa magongo na kushuka nazo, mimi nikabaki nimeshika mlango.

Tangu siku hiyo, jalada lolote ninalofungua, kabla ya jina la mteja naandika kwa kalamu nyekundu tarehe ya ajali, na chini yake tarehe ya miaka miwili na nusu mbele. Hata sasa mtu akija kuskani karatasi za ajali dukani namuuliza ilitokea lini. Wengine wananiona mbea.

Mgeni_wa_Sinza (Jumatano, saa 12:30 asubuhi)

Mimi ni wakili, wa juzijuzi. Kwa sababu umetaja Shule ya Sheria nitasema hilo tu.

Unakumbuka Oktoba 2022? Wanafunzi 633, waliofaulu mkupuo wa kwanza 26. 342 wakarudia mitihani, 265 wakaondolewa. Nchi nzima ikabishana, kamati ikaundwa. Mimi nilikuja baada ya hapo, nikaingia na hofu kama ya wote. Darasani kwetu waliokuwa wametulia ni watu wawili: mmoja alishakuwa karani wa wakili, mwingine afisa wa mahakama. Tulipoambiwa tuandike hati ya madai, sisi tulikuwa tunatafuta mfano, wao walikuwa wanauliza mteja ana viambatanisho gani.

Shahada unaweza kuisoma Chuo Kikuu Huria ukiwa kazini, Moro kuna kituo chao na Dar pia. Kwa diploma unahitaji GPA ya 3.0 kuendelea. Kwa hiyo suala la shahada lisikuchagulie mji.

Na tafadhali usiache kutazama matangazo ya Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kima cha chini serikalini tangu Julai 2025 ni 500,000. Hizo ofa zako zote mbili ziko chini ya hapo.

Kiberenge (Jumatano, saa 2:10 asubuhi)

Au ajisajili kuwa msaidizi wa kisheria? Si kuna sheria ya 2017, na kampeni ya Mama Samia inazunguka mikoani?

MzeeWaFaili (Jumatano, saa 2:40 asubuhi)

Kiberenge, ni kazi nzuri na ya heshima, ila huduma ile kwa sheria ni bure, hutakiwi kumtoza mtu. Unaishi kwa posho za mradi. Mradi ukiisha unabaki na fulana.

Njia ambayo vijana hawaioni ni upelekaji nyaraka za mahakama. Kwa kanuni za 2017 wanaoteuliwa lazima wawe na cheti cha umahiri cha hapohapo Lushoto alikosoma. Unalipwa kwa samansi na kwa umbali. Siyo utajiri, na mbwa watakukimbiza, lakini hakuna anayekuahidi asilimia.

BintiMlalo (Ijumaa, saa 2:05 usiku)

Wakubwa, asanteni. Nimesoma yote, ya dereva nimeisoma mara mbili kama nilivyoagizwa. Pole sana kaka.

Leo nilikwenda kwa yule wakili. E-Wakili nilishamwangalia, leseni yake iko hai. Nikamwambia sitaki asilimia, naomba iingie kwenye mshahara, na naomba mkataba hata wa miezi sita. Alinyamaza kidogo, akasema "umefundishwa na nani?" Kisha akapanda mpaka 350,000 na mkataba akakubali. Nilipotaja NSSF alikohoa.

Kabati niliomba kuliona. Alicheka lakini alifungua. Mzee, majalada yana majina ya wateja kwa marka kubwa nyeusi. Tarehe sikuiona hata kwenye moja. Nikamuuliza anajuaje lipi linakaribia ukomo, akagonga kichwa chake kwa kidole: "Yote yapo hapa."

Nilitoka pale nikiwa nampenda, kwa kweli. Ni mtu mcheshi, na ofisi ina kazi, benchi lilikuwa na watu sita. Ila nikamfikiria yule bwana wa Kilosa.

DadaWaMadai (Ijumaa, saa 2:30 usiku)

Kama unakuja Dar, usikimbilie kupanga chumba. Wenye nyumba wanataka kodi ya miezi sita mkupuo. Vumilia Chanika mpaka mshahara wa nne. Na siku ya kwanza kazini omba namba yako ya uanachama wa NSSF, siyo mwezi wa tatu.

MzeeWaFaili (Ijumaa, saa 3:00 usiku)

Aliyasema hivyohivyo bosi wangu, na kidole kilekile.

Binti, siwezi kukuchagulia. Ukibaki Moro, nunua kalamu nyekundu na uanze na hilo kabati hata kama hajakuagiza, hao sita wa kwenye benchi wanaihitaji kuliko yeye. Ukienda Dar, kalamu hiyohiyo, maana na huko faili likikufikia limebakiza miezi miwili unaweza kumpigia karani wa watu simu ukamwambia. Mimi hakuna aliyenipigia.

Tunduma_Express_Siyo_Basi (Ijumaa, saa 4:45 usiku)

Nipo Mikumi nimepaki, nasoma. Dada ukiwa bima ukipokea faili la dereva aliyekubali kosa usidhani alikuwa anakosa kweli. Ni hilo tu. Usiku mwema.

BintiMlalo (wiki tatu baadaye, Jumatano, saa 4:10 usiku)

Narudi kutoa mrejesho maana sipendi watu wanaouliza halafu wanapotea.

Nimekuja Dar. Leo siku ya nane kazini. Nimepewa mafaili 43 ya mwenzangu aliyeacha kazi, mengi ya bodaboda. Siku mbili za kwanza sikufanya kingine zaidi ya kuandika tarehe. Msimamizi wangu alipita, akauliza naandika nini, nikamweleza. Akasema mfumo wa kompyuta unayo hiyo sehemu. Nikafungua mfumo: kwenye 43, iliyojazwa ni 11. Mawili yamebakiza chini ya miezi mitatu. Moja linatoka Moro, limekwama kwenye fomu namba 4. Nimempigia karani wa hiyo ofisi, akasema ukoo bado haujakaa. Nikamwambia tarehe. Akanyamaza, akasema ngoja achukue kalamu.

Yule wakili wa Moro nilimpigia kumshukuru. Alisema mlango uko wazi.

Kiberenge (saa 4:15 usiku)

Chanika umefika saa ngapi leo?

BintiMlalo (saa 4:18 usiku)

Saa tatu na nusu. Nililala tangu Gongo la Mboto, konda ndiye aliyeniamsha mwisho wa gari.

DadaWaMadai (saa 4:21 usiku)

Namba ya NSSF umeshapewa?

BintiMlalo (saa 4:22 usiku)

Wamesema wiki ijayo.